Simu Thelathini, Ruta Moja: Nadharia ya Michezo Katika Kuchagua Mtandao

Chukua ukumbi wa semina wenye watu 30. Ukutani kuna ruta ya Wi-Fi inayoweza kutoa megabiti 60 kwa sekunde, kwa hesabu ya kazi halisi na si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Nje kuna mnara wa simu uliobakiza megabiti 30 kwa eneo hilo. Kila mtu ana bando kwenye laini yake, na nywila ya Wi-Fi imeandikwa ubaoni. Mwezeshaji anapotuma kiungo cha video, simu zote 30 zinaingia kwenye Wi-Fi, maana simu nyingi zimetengenezwa hivyo: ikionekana Wi-Fi inayojulikana, data ya laini inawekwa pembeni. Kila mtu anaambulia megabiti 2. Megabiti 30 za mnara hazina mtu.

Sasa watoe watu 10 wahamie mnarani. Kwenye Wi-Fi wanabaki 20, wanagawana 60, kila mmoja 3. Mnarani wako 10, wanagawana 30, kila mmoja 3. Kasi ya kila mtu imepanda kwa nusu bila kununua ruta nyingine wala kuongeza mita moja ya waya. Na mgao huo una sifa ya pili: hakuna mwenye sababu ya kuuvunja. Wa Wi-Fi akihamia mnarani watakuwa 11 huko, apate 2.73. Wa mnarani akirudi Wi-Fi watakuwa 21, apate 2.86. Wote wawili wangejipunja. Hali ya namna hii, ambamo hakuna anayenufaika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, huitwa msawazo wa Nash, kwa jina la mwanahisabati John Nash aliyethibitisha mwaka 1950 kwamba kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na ya chaguo unao msawazo, ilimradi wachezaji waruhusiwe pia kuchagua kwa bahati nasibu.

Nadharia ya michezo, hisabati ya maamuzi yanayotegemeana, inaingia hapa kwa sababu kasi utakayoipata inategemea mtandao uliouchagua pamoja na wengine walichochagua. Vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu havisemi lolote kuhusu hao wengine. Vinapima nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye antena, sawa na kupima upana wa mlango wa benki bila kuhesabu waliomo kwenye foleni.

Kazi nyingi imefanyika kutafuta kanuni ya kuiwekea simu ili ichague vizuri. Msimamo wa makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo haiko kwenye simu. Iko kwenye namna mtandao unavyogawa zamu kwa waliomo, na kwenye taarifa ambazo mtandao hauzitangazi. Hayo mawili yakirekebishwa, hata simu inayojali maslahi yake tu na yenye kanuni nyepesi itafika pazuri.

Kwanza tuweke mipaka. Ndani ya mtandao wa kampuni moja, wakati unaongea au unapakua, simu haichagui mnara. Inapima minara ya jirani na kutuma ripoti. Mnara wa jirani ukizidi wa sasa kwa desibeli zilizowekwa, na ukaendelea kuzidi kwa muda uliowekwa, tuseme milisekunde 320, mtandao ndio unaotoa amri ya kuhama. Hapo kuna mwamuzi mmoja, hakuna mchezo. Mchezo unaanza simu inapokuwa na hiari: Wi-Fi au data, Wi-Fi hii au ile, laini ya kwanza au ya pili. Afrika Mashariki, ambako watu wengi hutembea na laini mbili ndani ya simu moja kwa sababu ya bei na ya maeneo yasiyoshika, hiari hiyo ni ya kila siku.

Njia iliyozoeleka ya kuamua ni kuupa kila mtandao alama. Kasi asilimia 40, bei 30, ucheleweshaji 20, betri 10, kwa mfano. Jumlisha, chukua wa juu. Ina kasoro mbili. Ya kwanza inarekebishika: thamani ya kasi haipandi kwa mstari ulionyooka. Kwa mazungumzo ya video yanayohitaji megabiti 1.5, kutoka 0.5 hadi 1.5 ndiyo tofauti ya kuonana na kutoonana, ilhali kutoka 20 hadi 21 hakuna atakayetambua. Tumia logi (logarithimu) ya kasi badala ya kasi yenyewe na kasoro hiyo inapungua sana. Ya pili ndiyo mbaya. Simu 30 zenye kanuni moja, zilizokaa chumba kimoja, zitatoa jibu moja. Kadiri kanuni inavyokuwa nzuri na kila simu ikaitumia, ndivyo zote zinavyokimbilia mahali pamoja. Alama zilihesabiwa kana kwamba wengine watabaki walipo, na wengine nao walihesabu hivyohivyo.

Ziache simu zihame moja baada ya nyingine na mambo yanatulia yenyewe. Mwanauchumi Robert Rosenthal alionyesha hilo mwaka 1973 kwa michezo ya msongamano, ile ambayo gharama ya kitu hutegemea idadi ya wanaokitumia. Kwenye ukumbi wetu, pima gharama kwa sekunde zinazohitajika kupakua megabiti 1: kwenye Wi-Fi yenye watu 30 ni 30/60, yaani 0.5. Sasa unda namba moja ya ukumbi mzima: jumlisha 1/60, 2/60, 3/60 hadi kufikia idadi ya waliopo Wi-Fi, kisha 1/30, 2/30 na kuendelea kwa walio mnarani. Wote wakiwa Wi-Fi, namba hiyo ni 7.75. Simu ya kwanza inahama kutoka gharama ya 0.5 kwenda 1/30, yaani 0.033, imejipunguzia 0.467. Namba ya ukumbi nayo inashuka kutoka 7.75 hadi 7.283, yaani kwa 0.467 ileile. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila anayehama kwa faida yake. Namba isiyoweza kushuka milele lazima ifike mwisho, na mwisho wake ni 20 kwa 10, namba ikiwa 5.333. Hakuna aliyeratibu, hakuna aliyejua kuna namba.

Lakini simu hazihami moja baada ya nyingine. Zina saa zinazofanana na programu zinazofanana. Zote 30 zikigundua kwa pamoja kwamba mnara ni mtupu, zote zitahama, zigawane 30, kila moja ipate 1. Zitatazama nyuma na kuona Wi-Fi tupu ya megabiti 60, zirudi. Kila mzunguko una gharama yake: kutafuta masafa, kujitambulisha, kuomba anwani mpya ya IP. Anwani ikibadilika, miunganisho ya TCP (itifaki inayobeba data nyingi za intaneti) iliyokuwa wazi inakatika, na mazungumzo ya video yanaganda au yanaanza upya.

Dawa ni rahisi kuliko inavyotarajiwa. Simu inayoona faida ya kuhama isihame palepale; irushe kete, ihame kwa uwezekano wa moja kwa kumi tu, halafu isubiri raundi ijayo. Kutoka 30, kwa wastani wanabaki 27, kisha 24.3, kisha 21.9, kisha 19.7. Raundi nne, na umefika karibu na msawazo bila simu yoyote kuzungumza na nyingine. Dawa ya pili ni ukaidi wa makusudi: usihame mpaka faida izidi kiasi fulani. Apple imeandika wazi viwango vyake: iPhone huanza kutafuta kituo kingine cha Wi-Fi ishara ikishuka hadi dBm -70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ishara ni dhaifu zaidi), na hukubali kipya kikizidi cha sasa kwa desibeli 8 ikiwa inatuma data, au 12 ikiwa imetulia. Desibeli 8 ni nguvu mara sita na zaidi. 12 ni mara kumi na sita hivi. Ukaidi huo unaizuia simu kurukaruka kati ya ruta mbili. Ila bado ni ukaidi juu ya nguvu ya mawimbi, na foleni haimo kwenye viwango hivyo.

Je, ubinafsi unatugharimu kiasi gani? Wanasayansi wa kompyuta Tim Roughgarden na Éva Tardos walithibitisha mwaka 2002 kwamba watumiaji wakiwa wengi na kila mmoja akiwa mdogo, na ucheleweshaji ukipanda kwa mstari ulionyooka, jumla ya ucheleweshaji chini ya ubinafsi haizidi mara 4/3 ya ule ambao mratibu mwenye uwezo wote angeupata. Theluthi moja juu, basi. Kwenye ukumbi wetu hata theluthi hiyo haipo, kwa kuwa jumla ni megabiti 90 wakati wowote mitandao yote miwili ina watu. Ukiishia hapo utaona hakuna haja ya makala wala ya mhandisi. Hesabu zote hizo, hata hivyo, zimechukulia kwamba simu zinafanana, na kwamba anayeingia anaongeza idadi tu. Kwenye Wi-Fi halisi ni muhimu pia kujua ni nani anayeingia.

Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, Martin Heusse na wenzake, walieleza kasoro iliyokuwa ndani ya kiwango cha Wi-Fi cha 802.11b, na ambayo imeendelea kuishi kwenye vizazi vilivyofuata. Kanuni ya Wi-Fi ya kupokezana hewa humpa kila kifaa nafasi sawa ya kutuma pakiti. Haimpi muda sawa. Chukua pakiti ya kawaida ya baiti 1,500, sawa na biti 12,000. Simu iliyo karibu na ruta, inayozungumza kwa megabiti 54, inaituma kwa milisekunde 0.22. Simu iliyo mlangoni, nyuma ya nguzo ya zege, imeshuka hadi megabiti 6 ili isikike. Pakiti ileile inachukua milisekunde 2.

Weka simu tisa za karibu na moja ya mlangoni, na tuachane na muda mdogo wa vichwa vya pakiti na vipumziko ili hesabu ionekane. Raundi moja, kila simu pakiti moja: tisa za haraka zinatumia milisekunde 2 zote kwa pamoja, ile ya mlangoni inatumia milisekunde 2 peke yake. Raundi imechukua milisekunde 4 na kila simu imetuma biti 12,000, yaani megabiti 3 kwa sekunde kwa kila moja. Iondoe ya mlangoni na zile tisa zinapata 6 kila moja. Simu moja imekata kasi ya wenzake tisa kwa nusu. Mwenye simu hiyo hajakosea lolote, na hajui.

Sasa mpe hiari. Mnara, pale mlangoni, unampa megabiti 2. Wi-Fi inampa 3. Akichagua kwa maslahi yake anabaki Wi-Fi, na chumba kizima kinapata jumla ya 30. Angehama, wale tisa wangepata 54 na yeye 2, jumla 56. Anabaki ili apate megabiti 1 zaidi, na wenzake wanapoteza 27. Hapo hatuzungumzii tena theluthi. Karibu nusu ya uwezo wa ukumbi imepotea, na hali hiyo ni msawazo kamili wa Nash. Hakuna kanuni ya kuiwekea simu itakayoiondoa, isipokuwa kanuni inayoiambia simu iumie kwa ajili ya wengine, na hakuna mtengenezaji atakayeuza simu ya aina hiyo.

Badili kanuni ya ruta. Badala ya pakiti sawa, gawa muda sawa wa hewa: kila simu sehemu moja ya kumi ya kila sekunde. Za karibu zinapata 54/10, yaani 5.4. Ya mlangoni inapata 6/10, yaani 0.6. Mwenye nayo anatazama mnara wenye 2 na kuhama mwenyewe, kwa maslahi yake yaleyale. Wale tisa wanafika 6, yeye anapata 2, jumla 56. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyeombwa huruma. Hili tawi la nadharia ya michezo, la kutunga kanuni ili ubinafsi wa kila mtu umfikishe mahali panapofaa wote, ndilo ninaloona linastahili nguvu za wahandisi wa mitandao kuliko kuendelea kuipamba kanuni ya alama.

Kugawa muda sawa wa hewa si ndoto. Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha mwaka 2017 namna ya kufanya hivyo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, na ruta nyingi za maofisini na za programu huria zina swichi yake kwenye mipangilio. Kuna jambo la kujua kabla ya kuiwasha na kutegemea muujiza. Ruta inatawala foleni yake yenyewe, ile ya data inayoshuka kwenda kwa simu. Data inayopanda kutoka kwenye simu inaingia hewani kwa kanuni ya zamani, nafasi sawa ya pakiti. Kwenye ukumbi wa watu wanaotazama video mafanikio ni makubwa. Kwenye ukumbi wa watu wanaopandisha picha na video kwenye mitandao ya kijamii, tegemea kidogo. Wi-Fi 6, yaani 802.11ax, inairuhusu ruta kupanga pia zamu za kupandisha, lakini kwa simu zinazoelewa kiwango hicho tu.

Hatua ya pili kwa anayesimamia ruta ni kuzima kasi za chini. Kwenye masafa ya 2.4 GHz zima kasi za megabiti 1, 2, 5.5, 6, 9 na 11, weka 12 iwe ya chini kabisa. Faida yake inaonekana hata kabla simu hazijajiunga: ruta hutangaza jina lake takriban mara kumi kwa sekunde kwa kila jina la Wi-Fi, na matangazo hayo huenda kwa kasi ya chini iliyoruhusiwa. Ruta yenye majina manne ikitangaza kwa megabiti 1 inakula sehemu ya kuonekana ya hewa yote, bila hata mteja mmoja kuunganishwa. Madhara nayo yapo: vifaa vikongwe vya 802.11b vitapotea kabisa, na baadhi ya printa, kamera na swichi za bei nafuu zitakataa kujiunga bila kueleza sababu. Kwenye nyumba yenye ruta moja na hakuna mbadala, wa chumba cha mwisho atakosa kila kitu. Hatua hii ni ya mahali penye chaguo la pili. Palipo na mtandao mmoja hakuna mchezo wa kurekebisha.

Wengine huenda mbali zaidi na kuiamuru ruta iikate simu yoyote iliyoshuka chini ya dBm -75. Usifanye hivyo pasipo subira. Simu iliyokatwa inaona ruta ileile bado ndiyo Wi-Fi pekee inayoijua, inarudi, inakatwa, inarudi. Mwenye simu anaona mtandao unawaka na kuzima. Zipo simu zinazoiorodhesha ruta kama mbovu na kukataa kuirudia hata zikikaribia. Njia ya adabu ni kiwango cha 802.11v, ambamo ruta inaipendekezea simu kituo kingine na simu ina haki ya kukataa.

Upande wa taarifa ndio unaosikitisha, kwa sababu kifaa kipo na mara nyingi hakitumiki. Kiwango cha Wi-Fi kinairuhusu ruta kuweka ndani ya tangazo lake kipande kidogo cha mzigo: idadi ya vifaa vilivyounganishwa, kiwango cha hewa inayotumika kwa kipimo cha 0 hadi 255, na nafasi iliyobaki. Ukiona 200, hewa imejaa kwa asilimia 78 hivi. Simu inaweza kuisoma namba hiyo kabla ya kujiunga, bila nywila, bila kutumia hata senti ya bando. Kwenye hostapd, programu huria inayoendesha Wi-Fi ya ruta, ni mstari mmoja, bss_load_update_period, ilimradi dereva wa redio aweze kuripoti matumizi ya hewa. Ruta nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani pasipo kuutangaza mzigo huo, na anayenunua hana sababu ya kujua kwamba kitu hicho kipo.

Hata ukiwashwa, mzigo wa hewani ni nusu ya habari. Ruta inaweza kuwa na hewa tupu na nyuma yake kuna laini ya intaneti ya megabiti 10 inayogawanywa na jengo zima. Simu inaona mlango mpana na ukumbi mtupu, haioni kwamba mlango wa nyuma ni tundu. Mfumo wa Hotspot 2.0 una jibu lake, kipengele cha kuuliza kasi na mzigo wa laini ya nyuma kabla ya kujiunga, lakini unapatikana zaidi kwenye viwanja vya ndege na mahoteli. Na kila taarifa inayotangazwa inaweza kudanganya: mwenye nia mbaya anaweza kuweka ruta yenye jina linalofahamika, akatangaza mzigo sifuri na kuvuta simu za watu. Kwa hiyo namba ya mzigo itumike kuchagua kati ya mitandao ambayo simu imekwisha kuithibitisha, kamwe isiwe sababu ya kuamini mgeni.

Pasipo taarifa, simu inabaki na njia ya kujifunza kwa kujaribu. Peter Auer na wenzake, kwenye kazi yao ya mwaka 2002, walieleza kanuni iitwayo EXP3 inayofaa hali ambamo mazingira yanakubadilikia, hata kwa makusudi. Kila mtandao una uzito. Mtandao ukikupa kasi nzuri uzito wake unapanda. Unachagua kwa bahati nasibu kwa kufuata uzito, na unabakiza sehemu ndogo ya uwezekano kwa ajili ya kuijaribu mitandao mingine. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye mfuko wa mtumiaji ni suala jingine. Jaribio moja la kupima kasi likila megabaiti 10, mara 100 ni gigabaiti nzima ya bando. Kila jaribio ni kuhama, na kila kuhama kunakata miunganisho. Basi jifunze kwa data ambayo mtumiaji alikuwa anaipakua hata hivyo, jaribu mtandao mwingine wakati kioo kimezimwa, na weka kikomo cha majaribio kwa siku kwenye laini inayolipiwa kwa megabaiti.

Bei nayo ni chombo cha mchezo huu, na ni cha zamani. Mwanauchumi Arthur Pigou alipendekeza mwaka 1920 kwamba anayewasababishia wengine hasara alipishwe kiasi cha hasara hiyo. Bando la usiku, ambalo mtumiaji wa Tanzania au Kenya analifahamu vizuri, linafanya kazi hiyo kwa upande wa saa: linamhamisha mwenye kupakua filamu kutoka saa mbili usiku kwenda saa nane. Halifanyi lolote kwa upande wa mahali. Mnara wa stendi uliofurika na mnara wa kijijini wenye watu watano unauzwa kwa bei moja, na sidhani kama hilo linapaswa kubadilika. Bei inayopanda na kushuka kila dakika ingemfanya mtu aogope kufungua simu yake. Kutangaza mzigo kunatosha na hakumnyang'anyi mtu chochote.

Kuna njia nyingine inayopunguza makali ya mchezo wote: kutochagua. Itifaki ya TCP ya njia nyingi, iliyoandikwa kwenye RFC 6824 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) mwaka 2013 na kuboreshwa kwenye RFC 8684 mwaka 2020, inaiwezesha simu kutumia Wi-Fi na data kwa wakati mmoja ndani ya muunganisho mmoja. Apple waliitumia kwa Siri, msaidizi wao wa sauti, tangu iOS 7. Uzuri wake kwa mchezo wetu uko kwenye kanuni ya RFC 6356 ya mwaka 2011: njia zote mbili kwa pamoja zisichukue, kwenye sehemu yenye msongamano, zaidi ya ambavyo njia moja ingechukua, na mzigo usogezwe taratibu kutoka njia iliyojaa kwenda iliyo wazi. Kuhama kunakuwa kwa tone badala ya kwa ndoo, kwa hiyo kule kurukaruka kwa simu 30 hakutokei. Gharama yake ni betri, kwa sababu redio mbili zinawaka, na bando, kwa sababu mtu aliyedhani yuko kwenye Wi-Fi ya bure anajikuta data ya laini imeliwa. Bila swichi iliyo wazi kwa mtumiaji, isiwashwe.

Tumalizie na mwenye laini mbili, kwa kuwa yeye hana ruta ya kurekebisha. Minara ya 4G haimtangazii mzigo wake, lakini simu yake inapima namba mbili zinazoutoboa kidogo. Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya ishara ya mnara, na mara nyingi vijiti vya kwenye kioo vinatokana nayo. Ya pili ni RSRQ, inayolinganisha ishara hiyo na nguvu yote inayopokelewa kwenye masafa, ikiwemo kelele na data ambayo mnara wenyewe unawatumia watu wengine. Kinadharia, kwa mnara wa antena moja usioingiliwa na jirani, RSRQ ni karibu desibeli -3 mnara ukiwa mtupu na karibu -11 ukiwa umejaa. Kwenye programu za bure za kuonyesha taarifa za mnara namba zote mbili huonekana. Kaa mahali pamoja, pima laini ya kwanza saa nne asubuhi na saa mbili usiku, halafu ya pili vivyo hivyo. RSRP ikibaki palepale, tuseme -90, huku RSRQ ikishuka kutoka -6 hadi -12, huenda mnara umejaa au mnara wa jirani unaingilia. Kwa vyovyote vile laini hiyo haikufai saa hizo. Laini ya pili yenye kijiti kimoja pungufu, RSRP -100 na RSRQ -7, ina nafasi nzuri ya kukupa kasi zaidi. Rudia kwa siku tatu kabla ya kuamua ni ipi iwe ya data jioni, na ukishaamua usibadilishe kila unapoona video imesita, maana jirani yako naye ameona imesita na kidole chake kiko kwenye swichi ileile.